Uvira: Muhogo unanakiliwa kila msimu, na mtu je? Faida na hatari za kloni

Kila mwaka, mvua za mwezi wa tisa zikikaribia, wakulima wa Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, wanafanya kazi ambayo maabara za Ulaya zilihangaika nayo miaka mingi kabla ya kuiweza kwa mnyama. Wanachagua muhogo uliozaa vizuri, wanakata shina lake vipande vifupi, wanavipanda katika udongo. Mbegu haikutumika. Kila kipande kinaota na kutoa mmea wenye vinasaba vilevile vya mmea ule wa kwanza. Kwa lugha ya wanasayansi, shamba hilo ni kloni tupu.

Ndivyo ilivyo pia kwa ndizi zinazoshuka sokoni kutoka milimani, na kwa miwa ya Kiliba. Hakuna anayeogopa. Lakini neno kloni likitajwa kuhusu mtu, mawazo yanakimbilia mahali pengine kabisa: kwa kiumbe cha kutengenezwa ndani ya chupa, kisicho na baba wala mama, pengine kisicho na roho. Filamu zimechangia sana hofu hiyo. Ukweli wa mambo ni mdogo kuliko filamu, ila una hatari zake, na baadhi yake mkulima wa Ruzizi anazijua kuliko profesa.

Mapacha na chura wa Afrika

Kloni ni kiumbe kinachochukua vinasaba vyake vyote kutoka kwa kiumbe kimoja tu, badala ya kuchanganya nusu ya baba na nusu ya mama. Katika binadamu, jambo hilo hutokea lenyewe. Mbuyu na Kabange, au Bukuru na Butoyi kama wanavyoitwa ng'ambo ya mto huko Burundi, ikiwa wametoka katika yai moja lililogawanyika, basi ni kloni wa kuzaliwa. Mapacha (wengi huku husema mapasa) wa namna hiyo wana vinasaba vya namna moja, lakini hakuna mama anayewahesabu kuwa mtu mmoja. Mmoja ni mkali, mwingine mpole. Mmoja anapenda masomo, mwingine anapenda mtumbwi.

Kloni ya maabara inatofautiana na mapacha kwa jambo moja kubwa: wakati. Mapacha wanazaliwa pamoja. Kloni ya mtu mzima ingezaliwa miaka 30 au 40 baada yake, kama mdogo wake wa mapacha aliyechelewa sana njiani.

Kazi ya kwanza kubwa ilifanywa kwa chura, tena chura wa Afrika. Ni yule chura mwenye kucha miguuni anayeitwa Xenopus, ambaye ukoo wake asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1962, Mwingereza John Gurdon alitangaza kwamba alitoa kiini cha seli ya utumbo wa ndubwi wa chura huyo, akakitia ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa, na yai likakua. Wakati ule wengi waliamini kwamba seli ikishakuwa ya utumbo haiwezi tena kurudi nyuma na kuanzisha mwili mzima. Gurdon alionyesha kwamba inaweza. Alipewa tuzo ya Nobel miaka 50 baadaye, mwaka 2012.

Kutoka kwa chura hadi mnyama anayenyonyesha, njia ilikuwa ndefu. Kondoo Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, huko Scotland. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha na yai tupu la kondoo mwingine, na kondoo wa tatu akabeba mimba. Dunia ilipata habari mwezi wa pili mwaka 1997. Kilichosahaulika haraka ni hesabu: mayai 277 yalitengenezwa, viinitete 29 tu vilifaa kuwekwa matumboni mwa kondoo, na alizaliwa mwanakondoo mmoja. Dolly alikufa tarehe 14 Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 6, baada ya kupata uvimbe wa mapafu. Wataalamu waliamua kumwua ili asiteseke.

Je, kuna mtu aliyekwisha kunakiliwa?

Hapana. Hadi leo hakuna ushahidi wowote wa mtoto wa binadamu aliyezaliwa kwa njia hiyo.

Kulikuwa na madai. Mwezi wa 12 mwaka 2002, Brigitte Boisselier, mkuu wa kampuni ya Clonaid yenye uhusiano na dini ya Raël, alitangaza kwamba mtoto wa kike aitwaye Eve amezaliwa akiwa kloni ya mama yake. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Waandishi waliomba vipimo vya vinasaba, havikuletwa. Mtoto huyo hajaonekana hadi leo.

Kisa cha Korea ya Kusini kilikuwa kizito zaidi, kwa sababu kilitoka chuo kikuu chenye heshima. Hwang Woo-suk wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul aliandika mwaka 2004 na 2005 kwamba amenakili viinitete vya binadamu na kupata ndani yake seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za moyo, za damu au za mishipa ya fahamu. Alisifiwa kama shujaa wa taifa. Kufikia mwanzo wa 2006 ilijulikana kuwa matokeo yalighushiwa. Tatizo halikuishia kwenye uongo wa maandishi: uchunguzi ulionyesha kwamba zaidi ya mayai 2000 yalichukuliwa kutoka kwa wanawake zaidi ya 100, baadhi yao wakilipwa, na baadhi wakiwa watafiti wadogo waliofanya kazi chini ya mkubwa huyo huyo.

Kazi ya kweli ilikuja mwaka 2013, wakati kundi la Shoukhrat Mitalipov, huko Oregon nchini Marekani, lilipofaulu kupata seli shina kutoka kiinitete cha binadamu kilichonakiliwa. Kiinitete hicho hakikuwekwa tumboni mwa mwanamke. Kililelewa siku chache tu. Na mwezi wa kwanza 2018, Wachina wa Shanghai walitangaza nyani wawili, Zhong Zhong na Hua Hua. Nyani ni jamaa wa karibu wa mtu, kwa hiyo wengi waliuliza: sasa zamu ya nani? Lakini ili kupata hao wawili, viinitete 79 viliwekwa katika nyani majike 21. Na seli zilizotumika zilitoka kwa kijusi. Walipojaribu kwa seli za nyani mzima, watoto wawili waliozaliwa walikufa upesi.

Faida wanazozitaja wataalamu

Hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi yanachanganywa, hata redioni. Kuna kunakili kwa ajili ya kuzaa mtoto, na kuna kunakili kwa ajili ya tiba. Katika njia ya pili hakuna mtoto anayekusudiwa. Lengo ni kupata seli zinazolingana na mwili wa mgonjwa, ili zikirudishwa ndani yake mwili usizikatae kama kitu cha kigeni. Ugonjwa wa moyo, kisukari, uti wa mgongo uliovunjika, macho yaliyopofuka: hayo yote yametajwa. Shida ni kwamba ili kupata seli hizo kiinitete kinaharibiwa, na kwa waumini wengi kiinitete ni mtu tayari.

Mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka, alipunguza ukali wa ugomvi huo. Mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, alirudisha seli za kawaida za mwili katika hali ya uchanga, bila yai la mwanamke na bila kiinitete. Ndiye aliyegawana Nobel na Gurdon. Tangu hapo, maabara nyingi zimeacha kunakili viinitete na kufuata njia yake.

Kwa familia za mashariki mwa Congo, ahadi hizi zina jina la karibu: SS, ugonjwa wa damu ambao Watanzania wanauita selimundu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni moja ya nchi tatu duniani zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, pamoja na Nigeria na India. Mzazi mwenye mtoto wa SS anajua usiku wa maumivu ya mifupa, mbio za kutafuta damu, na maneno ya majirani wanaosema ni uchawi. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayochukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, kuzirekebisha vinasaba na kuzirudisha mwilini. Hiyo si kloni, lakini inatoka katika elimu hiyohiyo ya seli. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hakuna haja ya kuigeuza kuwa franka.

Wakati huohuo kuna kidonge cha kawaida, hydroxyurea, kinachopunguza maumivu na mahitaji ya damu. Kilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Uganda, Kenya huko Kilifi, na Congo yenyewe, katika hospitali ya Monkole mjini Kinshasa. Matokeo mazuri yalitangazwa mwishoni mwa 2018. Mtoto wa Uvira angefaidika leo na kidonge hicho kuliko na maabara yoyote ya kunakili seli.

Faida nyingine inayotajwa ni kwa watu wasiopata watoto. Jambo hili si dogo katika nchi ambapo mwanamke asiyezaa anaweza kurudishwa kwao, hata kama tatizo liko kwa mume na hakuna aliyempima. Kwa mtu asiye kabisa na mbegu wala mayai, kloni ingekuwa njia ya kupata mtoto wa damu yake. Ila sehemu kubwa ya utasa barani Afrika inatokana na maambukizi ya uzazi yasiyotibiwa mapema, na na matatizo ya kujifungua. Dawa yake iko katika kituo cha afya chenye vifaa, tena kwa gharama ndogo.

Halafu kuna tamaa ambayo ni vigumu kuicheka: kumrudisha aliyekufa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mito mingine ilivunja kingo zake mjini Uvira, ikachukua nyumba na watu. Kuna wazazi waliozika watoto wiki hiyo. Kama mtu angekuja kuwauzia ahadi ya kuwarudishia mtoto, si wote wangekataa. Lakini asingerudi. Kwanza, seli hai zinahitajika, zilizohifadhiwa vizuri. Pili, angezaliwa mtoto mwingine, mwenye sura inayofanana, akilelewa chini ya kivuli cha kaka au dada ambaye hakumjua.

Hata sura yenyewe haina uhakika. Mwezi wa 12 mwaka 2001, huko Texas, paka wa kwanza wa kunakiliwa alizaliwa, akaitwa CC. Mama yake wa vinasaba alikuwa na mabaka ya rangi tatu. CC alitoka na rangi tofauti, maana mpangilio wa manyoya hauamuliwi na vinasaba peke yake. Mkulima wa hapa hahitaji paka kulielewa hilo: kijiti kutoka shina moja kikipandwa Sange, kwenye joto la uwanda, na kingine kikipandwa Lemera, juu milimani kwenye baridi, havitatoa muhogo wa ukubwa mmoja wala kwa mwezi mmoja.

Somo la mozaiki

Hatari ya kunakili mimea ilionekana wazi Uganda kabla ya kufika huku. Mwishoni mwa miaka ya 1980, aina kali ya ugonjwa wa mozaiki, ambao Tanzania unaitwa batobato, ilianza kuenea. Virusi vyake vinabebwa na inzi weupe wadogo sana wanaokaa chini ya majani, na pia na vijiti vyenyewe vya kupandia. Mashariki mwa Uganda wakulima wengi walikuwa wameipenda aina moja ya muhogo iitwayo Ebwanateraka. Ilikuwa inazaa vizuri, kila jirani akampa jirani kijiti. Virusi vilipofika, vilikuta shamba baada ya shamba lenye mmea uleule, usio na kinga ileile. Muhogo huo ulikwisha karibu wote, na njaa ikaingia.

Ugonjwa ukaendelea kuelekea magharibi na kusini, ukavuka mipaka ya Rwanda, Burundi na Congo. Majani ya sombe yakakunjamana na kupata mabaka ya manjano, mizizi ikawa midogo kama vidole. Katika nchi ambayo ni kati ya zile zinazokula muhogo kupita zote duniani, hilo si habari ya kilimo tu. Watafiti wa INERA na wa kituo cha IITA cha Kalambo, Kivu ya Kusini, wamekuwa wakisambaza aina zinazovumilia mozaiki. Moja ya aina zilizopandwa sana katika jimbo inaitwa Sawasawa. Jina zuri, na linalofaa kloni kuliko jina lolote lingine.

Kisha ukaja ugonjwa wa pili, wa michirizi ya kahawia. Ulijulikana tangu miaka ya 1930 katika pwani ya Tanganyika ya wakati ule, ukakaa huko miaka mingi. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, mwaka 2011 ukatangazwa Burundi, na mwaka 2012 wataalamu walithibitisha kwamba upo mashariki mwa Congo. Huu ni mjanja zaidi. Muhogo unaweza kusimama shambani na majani yake yanayopendeza, mama akafurahi, halafu akichimba anakuta mzizi umeoza ndani, una madoa makavu ya kahawia. Kijiti alichokata katika mmea huo na kumpa shemeji yake wa Makobola au wa Swima kimebeba ugonjwa pamoja na wema wake. Watu wanapokimbia vita na kurudi, wanaomba vijiti popote vinapopatikana, na virusi vinasafiri pamoja nao bila kuulizwa karatasi mpakani.

Kiazi cha Ireland ni mfano wa zamani zaidi. Wakulima maskini wa huko walitegemea aina moja iliyoitwa Lumper, iliyopandwa kwa vipande vya kiazi. Ukungu ulipoingia mwaka 1845, uliiangamiza, na watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata.

Je, mtu naye yuko katika hatari hiyo? Kwa mtoto mmoja, hapana. Kloni mmoja kati ya watu milioni hawezi kudhoofisha ukoo wa binadamu. Wanaotisha watu kwa hoja hiyo wanazidisha chumvi. Ila muhogo unafundisha jambo lingine. Kunakili ni kuchagua kilicho bora leo, na kesho haijulikani inaleta nini. Vinasaba vya SS vyenyewe ni mfano: mtu aliyerithi kimoja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, anakingwa kwa sehemu na malaria kali. Anayetaka kuchagua watu "bora" angekifuta bila kujua alichofuta.

Nani angetoa mayai, nani angebeba mimba?

Hatari kubwa zaidi kwa binadamu iko katika hesabu za Dolly na za nyani wa Shanghai. Nyuma ya kila mnyama aliyezaliwa kuna mimba nyingi zilizotoka, watoto waliozaliwa wakubwa kupita kiasi, wenye mapafu au moyo mbovu, waliokufa siku ya kwanza. Katika kondoo, hiyo inaitwa gharama ya utafiti. Katika wanawake ingeitwa jina lingine.

Mayai ya mwanamke hayaokotwi. Anadungwa sindano za homoni kwa siku nyingi, kisha sindano ndefu inaingizwa kuyatoa, na wachache wanapata matatizo makali. Kisa cha Seoul kilionyesha nani anaombwa kutoa: mwenye kuhitaji fedha, na mwenye kumwogopa mkubwa wake. Biashara ya namna hiyo ikitafuta nchi ya kufanyia kazi, itatafuta yenye wanawake maskini na ukaguzi dhaifu. Wakaaji wa kando ya ziwa hawahitaji kuelezwa kwamba kitu cha thamani kikipatikana kwa maskini, anayenufaika mara nyingi anakaa mbali.

Dini zilisema mapema. Kanisa Katoliki lilikataa kunakili mtu katika waraka wake Donum Vitae wa 1987, miaka tisa kabla ya Dolly kuzaliwa. Baraza la wanazuoni wa Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilipiga marufuku kunakili mtu, likaruhusu kazi hiyo kwa mimea na wanyama kwa manufaa ya watu. Mwaka huohuo UNESCO ilitangaza kwamba kunakili mtu ili azaliwe ni kinyume cha heshima ya binadamu. Umoja wa Mataifa ulijaribu kupata mkataba, ukashindwa, kwa sababu nchi hazikukubaliana kama tiba nayo ikatazwe. Tarehe 8 Machi 2005 ulipitisha tamko tu: nchi 84 ziliunga mkono, 34 zilikataa, 37 hazikuegemea upande. Tamko hilo halimfungi mtu.

Sheria ya Congo yenyewe ina sentensi inayogusa jambo hili, ingawa walioiandika hawakuwa wakifikiria maabara. Code de la famille ya mwaka 1987 inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba. Ilikusudiwa kuwabana wanaume wanaokimbia mimba. Mtoto aliyenakiliwa kutoka kwa mwanamke asingekuwa na mwanaume wa kumbana. Vipimo vya vinasaba vingeonyesha kwamba baba yake ni babu, yaani baba wa mwanamke aliyenakiliwa, na mama yake ni bibi, na huyo anayemnyonyesha ni dada yake pacha. Urithi wa shamba ungegawanywaje? Mahari angepokea nani? Mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto katika état civil, na karatasi anayopewa pale ina mstari unaosubiri jina la baba.